Kitenzi cha Viskuli

Usiku mmoja baada ya Sikukuu, barazani kwetu, mwenzetu mmoja alitughania shairi refu la maombolezo. Kwa ufundi wa vina na wepesi wa kauli simfikii, na hilo nalitamka mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba haya niyaandikayo yametokana na kijicho. Maombolezo yake hayakuwa ya mtu. Yalikuwa ya dola: Muungano wa Kisovieti. Alisimulia jinsi watu watatu walivyojifungia msituni Desemba 1991, wakalewa, na kwa kalamu moja na usiku mmoja wakaukomesha muungano wa mataifa mengi uliodumu kwa miaka karibu 70. Makofi yalipigwa. Wazee wawili waliosoma kule ujanani mwao machozi yaliwalenga. Mimi sikupiga makofi, na kwa kuwa kukaa kwangu kimya kulisemwa sana siku zilizofuata, nimeona ni heri niseme mwenyewe kwa nini.

Ugomvi wangu na shairi lile ni wa kitenzi. Mwenzangu alisema waliukomesha. Hati yenyewe iliyotiwa saini Desemba 8, 1991 haikusema hivyo, na tofauti iliyopo baina ya kauli hizi mbili imekwisha kumwaga damu nyingi.

Naomba kwanza tuifungue hati hiyo, maana nahofu kwamba wengi waliopiga makofi hawajapata kuiona. Ilitiwa saini Viskuli, katika nyumba ya serikali ndani ya msitu wa Belovezh, upande wa Belarus, karibu kabisa na mpaka wa Poland. Msitu wa kale ambamo bado wanaishi nyati wa Ulaya. Waliotia saini hawakuwa watatu, walikuwa sita: Stanislav Shushkevich na Vyacheslav Kebich kwa Belarus, Boris Yeltsin na Gennady Burbulis kwa Urusi, Leonid Kravchuk na Vitold Fokin kwa Ukraine. Ilichapwa kwa taipureta, na mpiga chapa aliitwa kutoka ofisi ya hifadhi ya msitu. Vifungu vyake ni 14. Mstari wa mwisho unasema ilifanyika katika mji wa Minsk, jambo ambalo si kweli, ila pengine waliona haya kuandika kwamba dola kubwa kiasi kile imeagwa porini. Habari za ulevi siziingii. Lau hati zote zilizowahi kutiwa saini na watu waliokunywa zingebatilika, sijui ramani ya dunia ingebaki na mistari mingapi.

Sasa kitenzi. Mimi sikusomea Kirusi chuoni. Nilijifundisha kwa vitabu vya bei nafuu vilivyokuwa vikija kutoka Moscow, vingine vimetafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa kuisikiliza Redio Moscow ikisema nasi kwa lugha yetu nyakati za jioni, kisha kwa kumsumbua kila aliyerudi kutoka kule na shahada. Lakini sentensi ya utangulizi wa hati ile haihitaji shahada. Jamhuri tatu zinajitaja kuwa ndizo zilizouanzisha Muungano kwa mkataba wa 1922, kisha zinasema kwamba zinathibitisha kuwa Muungano huo, kwa hadhi yake katika sheria ya mataifa na kwa uhalisi wake katika siasa za dunia, unakoma kuwapo. Unakoma. Hazikusema tunaukomesha, wala hazikusema ukome. Daktari anayeingia chumbani, akashika mkono wa mgonjwa na kusema “mapigo yanakoma,” hajasema alichosema muuaji. Kwa Kiswahili silabi moja tu inawatenga watu hao wawili, na mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu silabi hawezi kujitetea kwamba hakuiona.

Nitatenda haki. Kitenzi kile hakikuchaguliwa kwa unyofu mtupu. Ukisonga mbele hadi kifungu cha 11 utakuta kwamba tangu dakika ya kutia saini hairuhusiwi kutumika katika nchi hizo sheria za dola nyingine za nje, na miongoni mwa hizo dola za nje umetajwa “uliokuwa” Muungano wa Kisovieti. Angalia mwendo huo: ukurasa unapofunguliwa mwenye nyumba anakata roho, kabla haujafungwa ameshahesabiwa kuwa mgeni. Na kifungu cha 14 kinasema kwamba shughuli za vyombo vyake ndani ya nchi hizo zinasitishwa. Hapo mkono wa watu sita unaonekana wazi. Akisema mtu kwamba waliharakisha mazishi, sitabishana naye.

Ila maiti ilikuwapo. Lithuania ilikwisha kutangaza uhuru wake Machi 11, 1990. Januari 1991 vifaru vilipelekwa Vilnius, wakafa watu 14, na uhuru haukurudi nyuma hata hatua moja. Kura ya maoni ya Machi 17, 1991, ambayo waombolezaji huishika kama hirizi kwa sababu zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walitaka Muungano uhifadhiwe, ilisusiwa na serikali za jamhuri sita kati ya 15. Agosti wakaja wale wakuu wa jeshi, wa usalama na wa serikali waliomzuilia Gorbachev ili waunusuru Muungano. Siku tatu zikatosha kuuvunja kuliko miaka mitatu ya maneno. Ukraine ikatangaza uhuru Agosti 24, kisha Desemba 1 ikawauliza watu wake, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali. Donetsk na Luhansk, mikoa ambayo leo tunaambiwa haikutaka, ilikubali kwa zaidi ya asilimia 80. Crimea yenyewe ilivuka nusu. Kravchuk alifika Viskuli siku sita baada ya kura hiyo, na alichokuja nacho mfukoni hakikuwa fitina ya usiku mmoja, kilikuwa jawabu la mamilioni ya watu.

Na katiba ya Muungano wenyewe, ile ya 1977, kifungu cha 72, ilizipa jamhuri haki ya kujitoa kwa hiari. Haki hiyo ilikaa katika karatasi kama tunda la nta juu ya meza. Ilipoanza kutamaniwa kweli, sheria ya Aprili 1990 iliizungushia ua: theluthi mbili za wapigakura, na muda wa mpito wa hadi miaka mitano. Mlango wenye kitasa upande mmoja tu huishia kuvunjwa, na anayeuvunja hulaumiwa yeye badala ya seremala.

Haya yote ni ya wanasiasa. Mimi nimeshika kalamu kwa ajili ya jambo jingine, na hili lilipaswa kumgusa mwenzangu kabla ya kumgusa mtu yeyote, kwa kuwa yeye ni mshairi.

Mstari ule wa mwisho wa hati, unaodanganya kuhusu Minsk, unaendelea na kusema ukweli mmoja mkubwa: kwamba hati imeandikwa kwa Kibelarus, Kirusi na Kiukraine, na matini zote tatu zina nguvu sawa. Nguvu sawa! Msomaji asiye mfasiri atapita hapo bila kusimama. Mimi nilisimama. Dola mpya inazaliwa, na lugha mbili zilizokuwa zikiitwa lahaja za shamba zinaketi meza moja na lugha ya Pushkin, bila ya hata moja kuwa asili na nyingine kivuli chake.

Ili ujue uzito wa jambo hilo, rudi nyuma. Mwaka 1933 tahajia ya Kiukraine ilirekebishwa kwa amri ili kuisogeza karibu na ya Kirusi, na herufi moja ikafutwa kabisa katika alfabeti: herufi ya sauti ya g ngumu, ambayo Waukraine huitenga na ile nyingine inayolegea kama h. Ilirudishwa 1990. Kwa miaka 57 herufi moja ilikuwa ya kushukiwa. Sisi watu wa pwani, tunaojua kughani kilivyo mbali na kugani, na dhamana ilivyo mbali na zamana, hatuhitaji kuelezwa kwamba herufi haifutwi kwa sababu ya wino. Mwaka huohuo wa 1933 tahajia ya Kibelarus nayo ilisogezwa Moscow.

Baada ya herufi ikaja zamu ya wenye kuziandika. Usiku wa kuamkia Oktoba 30, 1937, mjini Minsk, waandishi na wasomi zaidi ya 100 wa Belarus walipigwa risasi. Alikuwamo Ales Dudar, mshairi na mfasiri. Alikuwamo Moishe Kulbak, aliyeandika kwa Kiyidishi, maana Belarus ilikuwa na lugha hiyo pia. Siku chache baadaye, Novemba 3, katika msitu wa Sandarmokh huko Karelia, aliuawa Mykola Zerov, mshairi wa Kiukraine aliyewafasiri washairi wa Kirumi kutoka Kilatini. Mwenzangu alitusimulia juu ya msitu mmoja na usiku mmoja. Nami namrudishia msitu na usiku wake: usiku wa Minsk na msitu wa Sandarmokh. Kule Viskuli hakufa mtu.

Asiseme mtu kwamba hayo yalikuwa ya Stalin na yaliisha naye. Vasyl Stus, mshairi, mfasiri wa Goethe na Rilke, alifia katika kambi ya kazi mkoani Perm Septemba 4, 1985. Gorbachev alikuwa amekwisha kukalia kiti tangu Machi. Mashairi aliyoyaandika kambini mwishoni yalichukuliwa na walinzi na hayajapatikana. Makosa yake, ukiyachuja, yalikuwa ni kuandika kwa Kiukraine kana kwamba Kiukraine ni lugha kamili. Muda wa miaka sita na miezi mitatu baada ya kifo chake, lugha hiyo iliandikwa katika hati ya kimataifa kwa nguvu sawa na Kirusi. Ikiwa mshairi ana chozi moja tu kwa habari ya Muungano ule, alimwagie Stus.

Najua nitakayojibiwa, na sehemu ya jibu hilo ni haki. Watu wa Asia ya Kati hawakualikwa Viskuli. Wao, mnamo Machi 1991, walikuwa wameupigia Muungano kura kwa zaidi ya asilimia 90, kisha wakaisikia habari redioni kama tulivyoisikia sisi. Kazakhstan ilikuwa ya mwisho kutangaza uhuru, Desemba 16, kama mpangaji anayekabidhi funguo katika jengo ambalo wenzake wote wamehama. Ilibidi viongozi wa jamhuri 11 wakutane Alma-Ata Desemba 21 ili adabu irejee, na siku nne baadaye Gorbachev akajiuzulu. Kisha ikaja dhiki: akiba za wazee zikawa makaratasi, Tajikistan ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1992 hadi 1997, familia zikakuta mpaka umepita baina ya jiko na ukumbi. Wale wazee wawili barazani walilia kwa ajili ya mabweni, marafiki na ujana wao, na mimi si mtu wa kumkataza mzee kuulilia ujana wake. Hata mimi, sauti ile ya jioni ya Redio Moscow bado iko sikioni.

Lakini maombolezo yana mwenyewe, na huyu wa sasa si mzee wa barazani. Machi 15, 1996 Bunge la Urusi, Duma, lilipitisha azimio la kukataa uidhinishaji wa hati ya Viskuli, ilhali bunge lililotangulia lilikuwa limeidhinisha Desemba 12, 1991 kwa kura 188 dhidi ya 6. Aprili 2005 Rais Vladimir Putin aliuita mwisho wa Muungano kuwa ni janga kubwa kabisa la kisiasa la karne. Februari 21, 2022, katika hotuba yake ndefu, alirudi nyuma zaidi, akamlaumu Lenin kwa kuipa Ukraine umbo na kwa kuziandikia jamhuri haki ya kujitoa. Siku tatu baadaye majeshi yakavuka mpaka, mengine yakitokea Belarus, nchi ambayo hati ile ilitiwa saini kwenye ardhi yake.

Soma kifungu cha 5 cha hati hiyo. Nchi zilizosaini zinatambua na kuheshimu ukamilifu wa ardhi ya kila mmoja na kutogusika kwa mipaka iliyopo baina yao. Kifungu cha 2 kinaahidi raia haki sawa bila kujali taifa la mtu. Cha 3 kinaahidi hifadhi kwa utamaduni, lugha na dini za walio wachache. Hivi ndivyo vilivyovunjwa, Machi 2014 kule Crimea na Februari 2022 kote. Na ili uvivunje bila ya aibu, inakupasa kwanza uaminishe watu kwamba karatasi yenyewe ilikuwa wizi: walevi watatu, msitu, usiku mmoja, waliukomesha. Ukishauita mpaka kuwa ni dhambi ya walevi, kuuvuka kunakuwa toba. Hii ndiyo kazi ya kitenzi kile. Mwenzangu hakukusudia kuwasaidia wenye vifaru, hilo nalijua kama ninavyojijua. Lakini alikiokota kitenzi barabarani akakitia katika shairi bila ya kukigeuza aone upande wa pili pameandikwa nini.

Kuna jambo jingine lililoyakuza makofi ya usiku ule, na ni bora lisemwe kuliko kunong’onwa. Lugha yetu imelipa neno moja, muungano, kazi mbili. Tunasema Muungano wa Kisovieti na tunasema Muungano wetu wa 1964, na sikio la kisiwani likisikia neno hilo halisubiri sentensi imalizike. Nimewasikia wanaoutaka Muungano wetu wakiitaja Viskuli ili kutisha, na wasioutaka wakiitaja ili kutamanisha. Wote wamebebwa na neno. Hati zetu za Aprili 1964 zina vifungu vyake na historia yake, na anayetaka kuzijadili azisome hizo. Azijadili kwa maneno yake, mchana kweupe. Belarus haina la kumwambia kuhusu Unguja na Pemba. Nimechoka kuona msiba wa watu wengine ukifanywa kanga ya kufungia mafumbo yetu.

Wala sisemi kwamba lugha zile zilipewa pepo. Belarus iliyokuwa mwenyeji wa hati iliwauliza watu wake Mei 1995, na Kirusi kikapewa hadhi sawa na Kibelarus. Tangu hapo lugha hiyo imekuwa ikirudi mashambani na katika vitabu vya washairi, mahali ilipokuwa imefukuziwa kwanza. Nguvu sawa ya karatasi ilidumu kwao kwa miaka mitatu na ushei. Mwaka 2013 Shushkevich, alipoihitaji hati ya asili kwa ajili ya kuandika kumbukumbu zake, aliambiwa haionekani. Matini ipo, nakala zipo, ila ile yenye saini zao haikupatikana. Yeye na Kravchuk walifariki Mei 2022, karibu wiki moja tu ikipita baina yao, vita vikiwa katika mwezi wa tatu. Burbulis aliwafuata mwezi Juni, Gorbachev Agosti. Wahusika wanaondoka, karatasi haionekani, na kilichobaki cha kushikika ni maneno yaliyokuwamo.

Ndiyo maana namwomba mwenzangu alirudie shairi lake. Sitaki alichane, beti za mabweni na theluji ni nzuri na wazee wale wanazistahiki. Naomba kitenzi kimoja tu. Najua taabu yake: waliukomesha ni mizani sita na ulikoma ni nne, na mkarara wote umejengwa juu ya kile kirefu. Mizani mbili zitakazopungua atazijazia mwenyewe, uwezo huo anao kunishinda. Stus, tukilitia irabu ya kwetu mwishoni, ni mbili barabara.